Marahaba Isiyosikika: Mwongozo Kamili wa Kutunza Sauti na Mwili wa Mtu Mwenye Parkinson

Kwetu Tandika watoto wa mtaa wamefunzwa adabu, akipita mtu mzima lazima uskie shikamoo babu, shikamoo bibi. Mzee wangu alikua anakaa kibarazani kila jioni na kila shikamoo alikua anaijibu, tatizo marahaba yake ilikua haifiki hata kwenye ngazi. Watoto wanasimama, wanasubiri, wanamwona babu katulia tu na uso umekaza, mwisho wakaacha kumwamkia. Jirani akaja kumwambia mama eti mzee siku hizi kawa na maringo. Na mzee mwenyewe alipoambiwa alishangaa kweli, akasema "mbona nawajibu wote?"

Hapo ndo nlianza kuelewa huu ugonjwa, miaka miwili baada ya daktari kuutaja jina. Nimeandika haya kwa mtu ambaye yuko Dar, ana mzazi au mwenza mwenye Parkinson, au yeye mwenyewe anao, na anataka kujua aanzie wapi kesho asubuhi.

Kwanza uelewe sauti imeenda wapi

Parkinson inatokana na seli za ubongo zinazotengeneza kitu kinaitwa dopamini kufa taratibu. Dopamini ndo inasaidia mwili kufanya mwendo kwa ukubwa wake, ikipungua kila kitu kinakua kidogo: hatua zinakua fupi, mwandiko unakua mdogo mpaka sahihi ya benki inakataliwa, uso hauchezi, na sauti inashuka. Watu wengi wanajua kutetemeka tu, ila wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Hauambukizi na sio wa kurogwa. Daktari wa London anaitwa James Parkinson aliuandika mwaka 1817, kwahiyo sio kitu cha juzi wala cha mtaa wenu.

Sasa kitu ambacho hata ndugu wengi hawakijui ni hiki, ubongo wa mgonjwa unamdanganya kuhusu sauti yake mwenyewe. Akiongea kwa sauti ya chini yeye anajisikia yuko kawaida, na ukimfanya aongee kwa sauti ambayo wewe unaisikia vizuri yeye anahisi anapiga kelele kama wa mnadani. Ndo maana kumwambia "ongea kwa nguvu" mara hamsini kwa siku haisaidii, ataongeza kwa sentensi moja alafu anarudi palepale, na wewe utaona kama anakufanyia makusudi. Hafanyi makusudi hata kidogo. Kazi yote ya mazoezi ni kumzoesha kwamba ile sauti anayoihisi imezidi, kumbe ndo yenyewe.

Hatua ya 1: Daktari na saa za dawa

Usianze mazoezi ya sauti kabla dawa hazijakaa sawa. Kama bado hajapimwa, anzia hospitali iliyo karibu na wewe uombe rufaa, kwa Dar zile za mkoa ni Temeke, Amana na Mwananyamala, alafu ndo unafika Muhimbili kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Omba pia uonwe na mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na uulize kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi. Hawa wa usemi ni wachache sana nchini, ukimpata usimwachie, hata kama ni kumwona mara moja kwa mwezi alafu mazoezi mnafanyia nyumbani.

Dawa kubwa ni levodopa, mara nyingi imechanganywa na kabidopa kwenye kidonge kimoja. Mambo matatu kuhusu hii dawa yatabadilisha siku yenu.

La kwanza ni saa. Kama daktari kaandika saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku, ni saa hizohizo, weka alamu kwenye simu mbili, ya kwako na ya mtu mwingine wa nyumbani. Ikichelewa mwili unakaza na sauti inapotea kabisa.

La pili ni chakula. Protini inagombania njia na levodopa, yaani nyama, samaki, mayai, maharage, maziwa. Haimaanishi mzee asile samaki, ale ndio, ila wengi wanapata nafuu dawa ikinywewa kama nusu saa kabla ya kula au saa nzima baada ya kula, na maji, sio na chai ya maziwa. Mwanzoni dawa ikimletea kichefuchefu muulize daktari kama anaweza kuishushia na kipande cha mkate mkavu au ndizi. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma navyo visinywewe pamoja nayo, viache masaa kadhaa.

La tatu, usiiache ghafla. Hata kama dawa imeisha duka la karibu, hata kama mtu kakwambia mpumzishe kidogo. Kuikata ghafla ni hatari, inaweza kumlaza hospitali.

Alafu kuna hili la upupu. Ni kweli kabisa mbegu za upupu zina levodopa ndani, kwahiyo anayekuuzia unga wake Kariakoo sio kwamba anatunga hadithi. Ila hakuna anayejua kwenye kijiko kile kuna kiasi gani, na ukichanganya na vidonge mzee anaweza kuanza kujinyonganyonga mwili bila kutaka, kutapika, presha kushuka. Kama mnautumia mwambieni daktari, usimfiche kwa kuogopa kugombezwa.

Hatua ya 2: Rekodi kabla hujaanza

Hii inachukua dakika tano na watu wengi wanairuka, wanakuja kujuta. Kaa na mzee chumba kisicho na redio, weka simu mezani, pima kwa mkono wako umbali kutoka mdomoni mpaka kwenye simu ili kila wiki iwe vilevile. Mrekodi akitamka "aaa" mpaka pumzi iishe, kisha asome mistari mitano ya gazeti, kisha akuhadithie chochote dakika moja. Tunza. Kuna apu za bure zinazopima desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, maongezi ya kawaida ya watu wawili huwa yanacheza kama 60 hivi, ila simu zinatofautiana kwahiyo namba yenyewe isikunyime usingizi, angalia tu kama wiki hadi wiki inapanda au inashuka.

Alafu msikilizishe. Mzee wangu alivyojisikia mara ya kwanza alinyamaza muda mrefu akasema "huyu ni mimi?" Kwakweli iliniuma. Lakini kuanzia siku ile hakuna aliyehitaji kumlazimisha mazoezi.

Hatua ya 3: Mazoezi yenyewe

Marekani mwaka 1987 ulianza mpango wa mazoezi ya sauti kwa watu wa Parkinson, umepewa jina la mama mmoja wa Arizona aliyekua nao, Lee Silverman, ambaye familia yake ilitaka tu iweze kumsikia na kumwelewa. Unafanywa na mtaalamu aliyesomea, saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, kwa wiki nne, na nyumbani unaendelea kila siku. Ninachoandika hapa sio mpango wenyewe, ni mazoezi ya nyumbani yanayofuata wazo lake kuu, ambalo ni dogo sana: fikiria kitu kimoja tu, SAUTI KUBWA. Usimwambie mtu vuta pumzi, fungua mdomo, punguza spidi, tamka vizuri, vyote kwa pamoja, atachanganyikiwa. Sauti ikiwa kubwa mdomo unafunguka wenyewe na maneno yanaeleweka.

Chagua muda dawa imeshakolea, kwa wengi ni kama saa moja baada ya kumeza. Akae kwenye kiti kigumu chenye mgongo, sio kochi linalommeza, miguu yote chini, kifua wazi. Glasi ya maji pembeni.

Anza na "aaa". Avute pumzi mpaka tumbo lisukume mkono alioweka pale, alafu atoe "aaa" nene, imara, isiyotetemeka, kwa muda anaoweza. Siku ya kwanza inaweza kuwa sekunde nne, sio shida. Mara tano kwa kuanzia, kadri wiki zinavyoenda mpandishe mpaka mara kumi au kumi na tano. Wewe kaa mbele yake ufanye pamoja naye, ukinyanyua mkono juu kama unabeba ile sauti, inasaidia kuliko maneno.

Kisha kupanda na kushuka. Aanze "aaa" ya kawaida aipandishe mpaka nyembamba kama mtu anayeita mamaaa toka ng'ambo ya barabara, aishike kidogo, apumzike. Alafu aishushe mpaka nzito. Hii inarudisha mawimbi kwenye maongezi, maana Parkinson inafanya mtu aongee bapa, huwezi kujua kauliza swali au katoa jibu.

Sasa sentensi kumi. Hapa ndo penye utamu na hapa naomba usiige za mtu mwingine, kaa na mzee muandike kumi anazozitumia yeye kila siku. Za kwetu zilikua kama hivi: Marahaba. Shusha kituoni! Naomba maji. Mama watoto, njoo. Dawa yangu iko wapi? Subiri, sijamaliza kuongea. Hiyo ya mwisho aliichagua mwenyewe. Kila siku zote kumi, mara tatu au zaidi, kwa ileile sauti ya "aaa".

Na kuhusu marahaba nataka niseme kitu. Litamke taratibu, ma-ra-ha-ba, "a" nne na kila moja mdomo unafunguka, katikati kuna "h" inayolazimisha pumzi itoke. Ni kama limetengenezwa kwa ajili ya hili zoezi. Lakini "shusha" ni gumu, ile "sh" haina sauti ndani yake ni hewa tu, ndo maana kwenye daladala lilikua linammeza mpaka anapitilizwa vituo viwili. Tulichofanya tukabadilisha, badala ya kuanza na "shusha" anaanza na "konda!" alafu ndo shusha. Konda akigeuka kazi imeisha. Kwahiyo kwenye zile sentensi kumi angalia neno la kwanza, lisianze na "sh" ya hewa tu, liwe la kumfanya mtu ageuke.

Baada ya hapo asome kwa sauti dakika tano mpaka kumi. Gazeti, Kurani, Biblia, chochote anachokipenda, ila apumue kila baada ya maneno machache asisubiri pumzi iishe. Kama maneno yanamkimbia yanabanana mwishoni mwa sentensi, agonge kidole kwenye goti, neno moja kidole kimoja. Anayependa kuimba aimbe, kwaya, kaswida, taarabu, kuimba ni mazoezi tosha na watu wengine wenye Parkinson wanaimba vizuri kuliko wanavyoongea.

Mwisho wa zoezi atume voisi WhatsApp kwa mtu mmoja. Mzee anamtumia mjukuu aliyeko Mwanza, kila siku, anamhadithia mechi ya Yanga au kilichopikwa. Mjukuu kaambiwa sheria moja tu, kama hajasikia vizuri ajibu "babu rudia", asijifanye kasikia. Uzuri wa voisi ni kwamba anaisikiliza mwenyewe kabla haijamfikia mtu, anagundua.

Yote hii ni kama dakika 30. Ukikosa siku moja hakuna kesi, ukikosa wiki utaisikia.

Tahadhari: sauti kubwa itoke tumboni na kifuani, isitoke kwa kukaza shingo. Ukiona mishipa ya shingo imesimama, au sauti inakwaruza na koo linauma, punguza. Apunguze kukohoakohoa kusafisha koo, anywe tone la maji badala yake. Moshi wa mkaa na vumbi vinakausha koo, jiko liwe mbali na anapokaa. Sauti ikikauka zaidi ya wiki mbili tatu bila kupona mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, usiseme tu ni Parkinson.

Hatua ya 4: Nyinyi wengine nyumbani

Zimeni TV wakati wa kuongea naye. Najua kwa nyumba zetu TV inawaka toka asubuhi, ila ndo hivo. Kaa mbele yake umwone uso, usimuulize kitu ukiwa jikoni na yeye yuko sebuleni. Ukimuuliza subiri, ubongo wake unachukua muda kuanzisha jibu, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujarudia. Na usimmalizie sentensi. Tulimmalizia sana mzee, kwa mapenzi kabisa, mpaka akaona hakuna haja ya kuanza.

Tukaenda pia kwa majirani. Mama aliongea nao, akawaambia huu ugonjwa unakaza uso na kushusha sauti, hajanuna mtu. Watoto tukawaambia mkimwamkia babu msogee karibu mumpe mkono, mkisikia marahaba ndo muondoke. Wakafanya ndo mchezo wao.

Hatua ya 5: Kumeza

Misuli mingi ya kuongea ndo hiyohiyo ya kumeza, kwahiyo sauti ikishuka chunguza na koo. Dalili ni hizi: anakohoa akinywa maji, sauti inakua kama ina maji ndani baada ya kula, chakula kinabaki shavuni, anatoka udenda, anakonda, anapata homa za kifua zinazojirudia. Usidharau hata moja. Chakula au mate yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia, na nimonia inaua watu wa Parkinson wengi kuliko huko kutetemeka kunakoogopwa.

Ale amekaa wima kabisa, sio kitandani kaegemea mto. Tonge dogo, ameze, ndo lingine. Wakati wa kula hakuna stori, stori baada. Abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula. Ugali mkavu na wali wa kumwagika ni shida, vilainishwe na mchuzi mzito. Mambo ya kuwekea maji uzito au kuinamisha kidevu yanawasaidia wengine na wengine hayawafai, hayo apange mtaalamu baada ya kumwangalia akimeza. Na usimsagie kidonge bila kuuliza, kuna vidonge vinavyotoa dawa polepole havitakiwi kuvunjwa.

Hatua ya 6: Mwili wote

Choo kigumu. Sio aibu, ni dalili ya ugonjwa na mara nyingi inaanza miaka kabla ya kutetemeka, na tumbo likiwa limejaa dawa nayo inachelewa kufanya kazi. Maji ya kutosha, papai asubuhi, mchicha, matembele, ugali wa dona. Kikikaa siku tatu bila kutoka ongea na daktari.

Joto la hapa kwetu kuanzia Disemba mpaka Machi linamaliza maji mwilini, na ugonjwa pamoja na dawa vinashusha presha mtu akisimama. Asiruke toka kitandani. Akae ukingoni dakika moja mbili, achezeshe miguu, ndo asimame ameshika kitu.

Kutembea ni dawa kweli. Lengo la kawaida ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, mapema kabla jua halijachoma au jioni, sehemu tambarare. Coco Beach ni pazuri lakini mchanga laini unaangusha, mwanzoni tembeeni pembeni kwenye njia ngumu. Kama sauti, wazo ni lilelile: HATUA KUBWA, mikono ichezeshwe.

Kuna kukwama. Anatembea vizuri alafu anafika mlangoni, au kwenye geti la Mwendokasi watu wamejaa, miguu inaganda kama imepigiliwa misumari. Usimvute, ukimvuta anaanguka. Simameni. Apumue, ahamishe uzito mguu huu na huu, alafu weka mguu wako mbele ya wake umwambie auvuke, au hesabuni pamoja kwa sauti moja, mbili, tatu, twende. Ubongo unashindwa kuanza wenyewe lakini ukipewa mstari wa kuvuka au mdundo unaondoka. Nyumbani tulibandika selotepu ya rangi sakafuni kwenye mlango wa choo, na mikeka inayoteleza tukaitoa yote.

Moyo nao. Huzuni na wasiwasi kwenye Parkinson sio udhaifu wa imani, ni kemikali hizohizo za ubongo, na zina tiba. Akianza kuona watu wasiokuwepo, au usiku anapiga mateke na kupigana ndotoni, au ghafla anakua na tamaa ya kubeti au kununua vitu ambayo hakua nayo, mwambie daktari, inaweza kuwa ni dawa zinatakiwa kurekebishwa. Na wewe unayemhudumia tafuta wa kukupokea hata jumamosi moja.

Hatua ya 7: Bahasha

Siku akiumwa kitu kingine, malaria, tumbo, mkakimbilia zahanati usiku, sauti yake itakua haipo na hatoweza kujieleza. Andaeni bahasha sasa hivi. Ndani weka karatasi imeandikwa kwa kalamu nene: ana Parkinson, majina ya dawa, kipimo na saa zake, anaelewa kila kitu ila anaongea taratibu, hajalewa. Andika pia kwamba asipewe metoklopramidi, ile wengi wanaiita plasil ya kuzuia kutapika, wala haloperidol, ile ya kutuliza wagonjwa wa akili, bila kumuuliza daktari wake, maana zinazuia dopamini na zinamkaza zaidi. Weka vidonge vya siku mbili tatu na namba za simu za watoto. Kila dawa zikibadilishwa kliniki, karatasi nayo ibadilishwe siku hiyohiyo.

Ya kwetu inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mzee, na hata yule mtoto wa jirani anayekuja jioni kutafuta marahaba yake anajua ipo pale.